Mtoto wa Napoli aliupataje ufalme wa Hungaria?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nimekuwa nikipitia orodha ya wafalme wa Hungaria. Tangu mwaka 1000 hadi 1301 naona karibu ni ukoo mmoja tu, wa Árpád. Halafu anatokea Charles Robert, mzaliwa wa Napoli, wa ukoo wa Anjou wenye asili ya Ufaransa. Sioni mahali panaposema Napoli iliiteka Hungaria. Sasa aliupataje ufalme? Na mbona nasoma kwamba alitawazwa mara tatu? Tena, kama mfalme wa mwisho wa Árpád aliacha binti, kwa nini binti huyo hakurithi?"

Marahaba. Maswali yako matatu yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni mwanamke. Bibi yake Charles Robert, mzaa baba, alikuwa Mária, binti wa mfalme István V wa Hungaria. Kuumeni kijana huyu ni Anjou, kikeni ni Árpád. Orodha uliyoipitia imepangwa kwa kuumeni, ndiyo maana inaonekana kana kwamba ukoo umekatika na mgeni kaingia. Chora mti wa ukoo ukiwaweka na mabinti, utamkuta Charles Robert ndani yake, kitukuu halali wa István V.

Lakini damu hiyo ilimpa haki ya kudai tu. Tangu Mária alipoanza kudai hadi mjukuu wake kuvishwa taji kwa namna ambayo hakuna Mhungaria aliyeweza kuipinga, ilipita miaka 20, kuanzia 1290 hadi 1310. Vitabu vingi huiruka miaka hiyo kwa sentensi moja, na majibu yako yote yamo humo.

Tuanze na babu wa wadai wote, Béla IV. Mwaka 1241 Wamongoli waliliangamiza jeshi lake huko Mohi, kando ya mto Sajó, naye akakimbia hadi pwani ya Dalmatia kuokoa roho yake. Mwaka uliofuata waliondoka, ila hakuna aliyeamini kwamba hawatarudi. Béla akafanya mambo mawili kwa nia moja: akajenga ngome za mawe, na akaoza mabinti. Ipo barua yake kwa Papa Innocent IV ambamo anasema waziwazi kwamba amewaoza mabinti wawili kwa watawala wa Rus, na wa tatu kwa mtawala wa Poland, ili kupitia kwao apate habari za Watatari, yaani Wamongoli, huko mashariki. Anaongeza kwamba amekubali hata kujishusha hadhi kwa kumwozesha mwanawe binti wa Wakumani, watu wa nyika ambao Wakristo wa wakati ule waliwahesabu kuwa wapagani. Naithamini sana barua hii. Tumezoea kusikia ndoa za kifalme zikielezwa kwa maneno matamu ya amani na urafiki, na hapa baba mwenyewe anakiri kwamba mabinti zake ni walinzi wa mpaka.

Mabinti hao walizaa, na watoto wao wakazaa. Wawili kati yao uwashike kichwani. Anna aliolewa na Rostislav, mwana wa mtawala wa Chernigov. Erzsébet, baadaye, aliolewa na Henry wa Bavaria ya Chini. Wajukuu na vilembwe wa Béla kupitia wanawake hawa wawili watakuja kuligombania taji.

Mwana aliyeozeshwa binti wa Kikumani ndiye István V. Alitawala miaka miwili tu, 1270 hadi 1272, lakini kabla hajashika kiti alikuwa amekwisha kupatana na Charles wa Anjou, ndugu yake mfalme Louis IX wa Ufaransa. Charles huyu aliutwaa ufalme wa Sicily na Italia ya kusini, Napoli ikiwemo, mwaka 1266 kwa baraka za Papa, na macho yake yalikuwa yanaangalia Balkani na Konstantinopoli. Alihitaji mtu nyuma ya Balkani, na István alihitaji mtu mwenye nguvu nje ya nchi kwa sababu alikuwa amegombana na baba yake mzazi. Wakapatana kwa ndoa mbili kwa mpigo, mwaka 1270: László, mwana wa István, akamwoa Isabella, binti wa Charles, na Mária, binti wa István, akaolewa na Charles II, mwana wa Charles. Kaka na dada wa huku kwa kaka na dada wa kule. László alikuwa na miaka 8.

Ndoa ya László haikuzaa kitu. Alipokua alimtenga Isabella, akafikia kumfungia katika monasteri ya Kisiwa cha Sungura, ndani ya Danube, mahali ambapo leo ni katikati ya Budapest. Yeye akaishi na Wakumani, watu wa upande wa mama yake, hata akaitwa László Mkumani, na ni Wakumani haohao waliomuua tarehe 10 Julai 1290. Hakuacha mtoto. Huko Italia dada yake Mária alikuwa na watoto zaidi ya 10. Upande uliotarajiwa kuendeleza ufalme ulikauka, na upande wa pili, ambao haukutarajiwa kuirithi Hungaria, ukawa umejaa warithi.

Mária alidai mara moja. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mimi ni dada wa marehemu, binti wa mfalme, mjukuu wa mfalme. Wakubwa wa Hungaria hawakumsikiliza. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa kuumeni aliyebaki, András, aliyezaliwa Venezia. Mama yake alikuwa Tomasina Morosini, wa familia kubwa ya mji huo. Baba yake alikuwa mwana wa András II, aliyezaliwa baada ya baba kufa, na kaka zake wakubwa walikataa katakata kumtambua kuwa mtoto halali. Kwa hiyo nasaba ya András ilikuwa na doa midomoni mwa watu. Hata hivyo alitawazwa Julai ileile ya 1290, akawa András III. Hapo ndipo uzito wa kuumeni unapoonekana: mwanamume mwenye nasaba ya kutiliwa shaka alimshinda mwanamke ambaye nasaba yake haikuwa na swali.

Mwaka 1292 Mária akamkabidhi madai yake mwanawe mkubwa, Charles Martel. Huyu alijiita mfalme wa Hungaria bila kuitawala, akafa 1295 akiwa kijana. Alimwacha Charles Robert, mtoto wa miaka kama 7.

Kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Charles Robert alikuwa mwana wa kifungua mimba wa nyumba ya Napoli, na kwa hesabu ya wengi ndiye aliyestahili kuirithi Napoli siku babu yake Charles II akifa. Babu na Papa Boniface VIII hawakutaka mtoto mdogo. Mwaka 1297 urithi ukapelekwa kwa baba yake mdogo, Robert. Mtoto akanyimwa cha kuumeni, akabakiwa na madai ya bibi. Kwa maoni yangu hili linaeleza ung'ang'anizi wake wote uliofuata. Václav na Otto, utakaokutana nao hivi punde, kila mmoja alikuwa na nchi ya kurudia Hungaria ikimshinda. Charles Robert hakuwa na pa kurudi. Mwaka 1300, akiwa na miaka kama 12, alipakiwa melini akateremka Split, akapokelewa na Pavao Šubić, ban (yaani gavana mkuu) wa Kroatia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa upande wa Anjou.

Miezi michache baadaye, tarehe 14 Januari 1301, András III akafa. Ákos István, mmoja wa wakubwa wa nchi, aliandika katika hati ya 1303 kwamba lilikuwa limevunjika tawi la mwisho la dhahabu la uzao wa mfalme mtakatifu István, yule mfalme wa kwanza wa Hungaria. Watu wa wakati ule walijua walichopoteza.

Sasa fikiria waliobaki. Kuumeni, hakuna. Kikeni, wamejaa. Charles Robert: István V, Mária, Charles Martel, yeye. Václav, mtoto wa mfalme wa Bohemia, nchi ya Wacheki: Béla IV, Anna, Kunigunda, Václav II, yeye. Otto, mtawala wa Bavaria ya Chini: Béla IV, Erzsébet, yeye. Hesabu vizazi kutoka Béla IV. Otto ni mjukuu. Charles Robert na Václav wote ni vilembwe. Kama kipimo kingekuwa ukaribu wa kizazi peke yake, Otto angewaacha mbali. Tena huko Serbia alikuwepo Vladislav, mwana wa Stefan Dragutin na Katalin, dada yake Mária: huyu ni mjukuu wa István V, kizazi kimoja karibu kuliko Charles Robert. Nguvu ya hoja ya Anjou haikuwa katika idadi ya vizazi. Ilikuwa kwamba wao wanashika mstari wa mwana, István V, aliyetawala baada ya Béla na kufuatwa na mwanawe László, na kwamba madai yao yalikuwa yameshatangazwa tangu 1290 na kuungwa mkono na Roma.

Na huo mkono wa Roma ndio uliowaudhi Wahungaria. Papa Boniface VIII alifika mahali pa kusema kwamba Hungaria ni mali ya Kanisa, na kwamba kuamua nani awe mfalme ni kazi yake. Kumbukumbu za nchi ile zinaeleza kwamba wakubwa waliogopa kuupoteza uhuru wao wa kuchagua kama wangempokea mfalme aliyewekwa na Papa. Wakaenda Bohemia. Václav alikuwa na miaka 11, baba yake alikuwa jirani, tajiri wa fedha ya machimbo ya Kutná Hora, na tena kijana mwenyewe alikuwa mchumba wa Erzsébet, binti pekee wa András III.

Hapo tunafika kwenye swali lako la tawazo tatu. Desturi ya Hungaria ilitaka vitu vitatu kwa pamoja: taji lenyewe, lile lililoitwa la mtakatifu István, mkono wa Askofu Mkuu wa Esztergom, na kanisa la Székesfehérvár, alikozikwa István. Kikikosekana kimoja, wapinzani wana la kusema. Charles Robert alitawazwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 1301, na aliyechaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Esztergom, lakini mjini Esztergom na kwa taji la kuazima tu. Tarehe 27 Agosti mwaka uleule Václav alitawazwa Székesfehérvár, kwa taji la kweli, lakini na Askofu Mkuu wa Kalocsa. Kila kijana alikuwa na kipande cha ufalme, na hakuna aliyekuwa na vyote.

Taji hilo lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu, maana limebeba historia ya wakwe wa Hungaria kuliko hati nyingi. Leo liko katika jengo la Bunge, Budapest. Pete yake ya chini ni kazi ya Konstantinopoli ya miaka ya 1070, dhahabu yenye vibao vya enameli. Nyuma, juu, ameketi kaisari Michael VII Doukas. Chini yake upande mmoja yupo Géza I wa Hungaria, ametajwa kwa Kigiriki kuwa mfalme wa Tourkia, jina ambalo Wagiriki waliwapa Wahungaria. Kaisari ana duara la nuru kichwani, Géza hana. Mkewe Géza alitoka huko Bizanti, na wataalamu wengi huihusisha pete hii na ndoa yao. Maana yake ni kwamba kitu ambacho Wahungaria walikiheshimu kama taji la István, aliyefariki 1038, kwa sehemu yake ya chini kilifika nchini kizazi na zaidi baada ya kifo chake, kwa njia ya ushemeji. Hilo halikupunguza heshima yake hata chembe.

Mwaka 1304 baba yake Václav aliona mambo yanaharibika, akaja Buda na jeshi, akamchukua mwanawe pamoja na taji, akarudi nalo Prague. Charles Robert alikuwa na mjomba, Albert wa Habsburg, kaka wa mama yake Clementia na mfalme wa Ujerumani. Wote wawili wakaingia Bohemia na jeshi mwaka huohuo, bila kufanikiwa sana. Mwaka 1305 baba yake Václav akafa. Václav, sasa mfalme wa Bohemia, akaachana na Hungaria, akamkabidhi Otto wa Bavaria madai na taji. Mwaka uliofuata aliuawa Olomouc, na ukoo wake wa Přemysl ukaisha kuumeni naye.

Otto alilisafirisha taji kwa siri, amejigeuza mfanyabiashara, kwa kuwa njia zilipita katika nchi za Habsburg. Inasimuliwa kwamba lilikuwa ndani ya pipa dogo la mbao, likaanguka njiani usiku pasipo mtu kujua, na walipogundua walirudi nyuma wakalikuta palepale barabarani. Desemba 1305 akatawazwa Székesfehérvár na maaskofu wawili, wala hakuwa na yule wa Esztergom. Mwaka 1307 akaenda Transilvania kwa Kán László, mtawala wa jimbo hilo, kutafuta urafiki. Kán akamkamata, akamnyang'anya taji. Otto alipoachiwa alirudi Bavaria.

Kwa hiyo Charles Robert akabaki peke yake uwanjani, na bado mikono mitupu. Tarehe 27 Novemba 1308 mkutano wa wakubwa katika nyumba ya Wadominikani huko Pest ulimtangaza mfalme, mbele ya Kardinali Gentile, mjumbe wa Papa. Kardinali alitaka iandikwe kwamba Papa ndiye anayewapa mfalme. Wakubwa wakakataa, walikubali Papa amthibitishe yule waliyemchagua wao. Ndipo Juni 1309 akatawazwa mara ya pili, Buda, safari hii na Askofu Mkuu wa Esztergom, Tamás, kwa taji jipya lililobarikiwa na Kardinali, na watu wakaambiwa kwamba taji la zamani limepoteza nguvu zake hadi litakaporudishwa. Hawakukubali. Kardinali ana mamlaka yote ya Roma nyuma yake, dhahabu ipo, askofu yupo, na bado watu wanasema huyu hajawa mfalme sawasawa.

Kán naye alijua anachokishika. Alimwoza binti yake kwa Vladislav wa Serbia, yule mjukuu wa István V niliyemtaja, na ilikuwa wazi taji lingeweza kwenda huko. Mwishoni mwa 1309 Kardinali akamtenga na Kanisa. Mwaka 1310 Kán alikubali kulirudisha, na tarehe 27 Agosti 1310 Charles Robert akatawazwa mara ya tatu: Székesfehérvár, na Askofu Mkuu Tamás, kwa taji lenyewe. Hakuna aliyeuliza tena. Kazi ya kuwatiisha wakubwa waliokuwa wamejigawia nchi ilimchukua miaka zaidi ya 10 mingine, pamoja na vita vya Rozgony vya 1312, lakini hao walikuwa waasi tu. Mfalme mwingine hakuwepo.

Sasa Erzsébet, binti wa András III. Baba yake alipokufa alikuwa na miaka kama 8. Hakuna aliyempendekeza kuwa malkia mtawala. Nchi haikuwa imewahi kuwa na malkia wa namna hiyo. Damu yake ilikuwa na thamani kwa mwanamume atakayemwoa, ndiyo sababu wa Bohemia walimposa mapema. Václav alipoachana na Hungaria mwaka 1305 aliuvunja uchumba, na mwaka uleule akaoa mwingine. Mama wa kambo, Agnes wa Habsburg, alikwisha kumchukua Erzsébet Austria, na mwishowe akaingizwa katika monasteri ya Wadominikani ya Töss, karibu na Winterthur, Uswisi, akaishi huko hadi kufa katika miaka ya 1330. Mtawa haolewi wala hazai, na madai yake yakaishia ndani ya kuta hizo. Nakuomba umkumbuke unapoisoma orodha yako, kwa sababu kwa kipimo kilichomnufaisha Charles Robert, yeye alikuwa na haki kubwa kuliko wote.

Labda utashangaa jinsi Hungaria ilivyobadilika haraka. Louis, mwana wa Charles Robert, aliipata Poland mwaka 1370 kupitia mama yake, dada wa mfalme Kazimierz, na hakuwa na mwana. Mwaka 1374, huko Kassa, aliwapunguzia kodi wakubwa wa Poland ili wakubali binti yake awatawale. Alipokufa Septemba 1382, binti yake Mária, wa miaka 11, alitawazwa Székesfehérvár ndani ya siku chache, na hati zikamwita mfalme, kwa umbo la kiume. Mdogo wake Jadwiga alitawazwa mfalme wa Poland mwaka 1384. Waliompinga Mária walimleta Charles wa Durazzo kutoka Napoli, wakitaka mwanamume wa kuumeni wa Anjou. Alitawazwa siku ya mwisho ya 1385, akashambuliwa Buda mwezi Februari kwa amri ya mama wa malkia Mária, akafa mwezi huohuo. Naye alikuwa kitukuu wa Mária wa Napoli, kwa hiyo pande zote mbili zilidai kutoka kwa bibi mmoja. Mshindi alikuwa mume wa malkia, Sigismund wa Luxemburg, aliyetawazwa 1387 na kutawala miaka 50. Yeye pia aliacha binti tu, Erzsébet, na mume wa binti huyo, Albert, ndiye Mhabsburg wa kwanza kuvishwa taji la Hungaria, tarehe 1 Januari 1438.